Kulia kwa Kiswahili cha Watu

Vijana wa kundi, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii, kwa kuwa sasa nimeiacha na magoti hayakubali tena kuanguka sakafuni asubuhi na mchana. Nitaandika. Msitegemee habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini. Hayo mnayajua na hayachekeshi. Na nitaandika kwa Kiswahili cha kwetu Tabora, kwa sababu karatasi haicheki. Mkono haujakisahau. Kilichosahau ni mdomo.

Kabla ya kuja Kenya, hapa Machakos, nilikuwa fundi cherehani. Mchana nashona sare za shule, jioni naigiza na kikundi cha utamaduni cha mtaani kwetu, katika ua wa jumba la mikutano ambalo paa lake lilikuwa limeng'oka upande mmoja. Musembi, ambaye nyinyi mnamjua akiwa na mvi na miwani, alikuja Tabora akiwa kijana kama mlivyo, kwa tamasha la michezo ya kuigiza. Alinikuta nikiigiza mjane anayenyang'anywa shamba. Baada ya onyesho alinifuata nyuma, nami bado nafuta machozi.

"Dada, wewe unajua kulia," akaniambia. "Kwetu Machakos niko na kundi. Tunazunguka shule tukiigiza vile vitabu wanafunzi watafanyia mtihani. Kazi iko kila muhula. Na hii Kiswahili yako, Zainabu, watu watashika mdomo."

Hilo la kushika mdomo lilitimia, ingawa si kwa namna niliyodhani.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli na mtu wa maneno machache. Nilipomweleza, aliweka spana chini. "Watu wanahama nchi kwa biashara, au kwa vita, au kwa kufuata mume," akasema. "Wewe unahama ili ukajifanye mtu mwingine?" Mama alimwambia aniache. Alinifungia asali kwenye chupa, akanifungia na kanga mbili, akanisindikiza hadi stesheni bila kuniuliza nitarudi lini.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa shule moja ya wasichana upande wa Wamunyu. Mnaojua shule za huku mnajua jukwaa letu: ukumbi wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani, pazia jeusi limening'inizwa kwenye waya kutoka dirisha hadi dirisha, na upande wa pili wa tundu la kupakulia, wapishi wanakoroga githeri, makande ya huku, kwenye sufuria ambayo mtu anaweza kuogea. Nilipewa kuigiza mama. Katika kitabu kile, mama ndiye roho ya mchezo: mumewe amekufa, shemeji anataka shamba, na mwanawe mdogo hajui kinachoendelea. Nilipiga magoti mbele ya yule mwana, nikamshika mabega, nikasema maneno niliyoyakariri tangu Tabora, Musembi aliponiachia kitabu:

"Mwanangu, hapa ndipo tulipomlaza baba yako. Wakilitwaa shamba hili, tutakwenda kumlilia wapi?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko.

Kwanza nilidhani pazia limeanguka. Nikaangalia nguo zangu. Hapana, walikuwa wanacheka maneno. Kila nilipofungua mdomo walicheka tena, na mimi kadiri nilivyozidi kulia, wao walizidi kupigana mabega. Msichana wa mstari wa mbele alikuwa ananiigiza, "Jamani, jamani," kwa sauti ya kuvuta, na neno hilo mimi sikuwa nimelitamka hata mara moja. Mwalimu wao wa Kiswahili alikuwa anajifuta macho kwa leso. Hawakuwa wabaya. Kiswahili cha namna yangu walikuwa wamekisikia kwa wachekeshaji wa redioni na kwa waganga kutoka kwetu wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme. Kwao, mtu akiongea vile, mzaha umeanza.

Nilipotoka nje Musembi alinikumbatia. "Wamekupenda! Umewamaliza, dada, umewamaliza kabisa!"

Juma lililofuata mchezo ulikuwa umebadilishwa. Mama alipewa mtu mwingine. Mimi nikawa mfanyakazi wa nyumbani aitwaye Mama Bongo, ambaye hayumo kitabuni. Naingia na sinia la chai, nasema "Karibuni sana wapendwa," watu wanacheka, natoka.

Niliigiza mfanyakazi. Niliigiza mganga wa kike mwenye kibuyu. Niliigiza jini, jirani mgeni, mganga tena, na mke wa pili anayeroga. Kila kitabu kilichokuja, Musembi alikitafutia nafasi ya Mtanzania, hata kama mwandishi mwenyewe hakuwa amefikiria kuwa nchi yetu ipo. Mjini Machakos wauza mboga waliniita Mama TZ na kuniomba niseme chochote tu, wasikie. Nilikuwa naomba nyanya, nao wanaita wenzao waje wanisikie nikiomba nyanya.

Yule aliyepewa mama alikuwa Kalondu. Wengi wenu hamkumkuta, na hasara ni yenu. Alikuwa mwanamke mrefu, binti wa mchonga vinyago wa Wamunyu, amenizidi umri kwa kiasi cha mtu kuitwa dada kwa heshima. Alinifundisha mambo ambayo hakuna shule inayoyafundisha. Kwamba katika ukumbi wa kulia huwaigizii walimu wa mbele, unamwigizia mpishi. Mpishi akiacha kukoroga, sauti imefika. Kwamba mvua ikipiga mabati hushindani nayo, unakaa kimya na kuacha uso ufanye kazi mpaka ipungue. Kwamba mvi hupakwa kwa unga wa ngano, si wa mahindi, kwa sababu wa mahindi huwavutia kuku, na shule nyingi zina kuku. Kwamba ukiigiza maiti na nzi akakaa mdomoni, unamwacha, maana maiti wa kweli naye angemwacha.

Siku moja nilimwendea nyumbani kwake. Alikuwa uani anapepeta ndengu, ambazo kwetu ni choroko, kwenye ungo.

"Dada Kalondu, nifundishe kuongea kama nyinyi."

Aliendelea kupepeta. "Asi! Na kwa nini unataka kuharibu kitu mzuri hivyo?"

"Nataka walie."

"Wakicheka si bado wamekusikia?"

"Kama ningetaka wacheke ningebaki kwetu," nikamwambia. "Kwetu hakuna anayecheka Kiswahili changu, na bado niliwaacha. Nimekuja kuigiza."

Akaweka ungo chini. "Basi weka pua," akasema. "Sema baba."

"Baba."

"Hapana. Mbamba. Pua ianze, mdomo ifuate."

Tulianzia hapo. Dada ikawa ndanda, gari ikawa ngari. Ngeli nilizochapwa viboko ili nizijue, nilianza kuzitupa moja moja. "Ukisema 'kiti changu' watacheka," aliniambia. "Sema 'kiti yangu', halafu kalia hiyo kiti kama mwenyewe." Nilijifunza kusema niko na njaa badala ya nina njaa, na hiyo nyumba yenye nilijenga badala ya nyumba niliyoijenga. Tulikuwa tunachambua ndengu, na nikikosea, yaani nikisema sawasawa, alinitupia mawe madogo aliyoyatoa kwenye ungo. Nilicheka sana siku zile. Ninawaandikia hili ili msidhani nilikuwa na uchungu tangu mwanzo.

Muhula mmoja Kalondu mwenyewe alimwambia Musembi anipe mama. Musembi alikataa, akisema watu wamemzoea Mama Bongo. Kalondu akamwambia basi na yeye haendi Masinga, na gari lilikuwa limeshawashwa. Nikapewa.

Shule ile ilikuwa upande wa Kivaa, huko huko Masinga, jua kali, wavulana watupu, na wavulana ndio wagumu. Nilipiga magoti. Nikamshika mwanangu mabega. "Mwanangu," nikasema, kwa pua na kwa kila kosa nililofundishwa, "hapa ndio tulizika mbambako. Wakichukua hii samba, tutamlilia wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia bati likitanuka kwa joto. Nikatupa jicho kwenye tundu la jikoni, nikamwona mpishi amesimama, mwiko mkononi, hakorogi. Baada ya onyesho kijana mmoja mkubwa, mwenye ndevu zinazoanza, alinijia akanipa mkono wa heshima, akasema, "Pole, mami," kisha akaondoka haraka wenzake wasimwone macho. Hiyo ndiyo siku niliyokuwa mwigizaji katika nchi hii. Nilikuwa nimengoja miaka mingi, na iliponijia nilikuwa nasema maneno ambayo mama yangu asingeyatambua.

Tangu hapo nililia shule zote za kaunti hii na nyingine jirani. Niliigiza mama, bibi, mjane, malkia. Kuongea kule nilikuja nako mjini, sokoni, kanisani nilikoalikwa, hata chumbani nikiwa peke yangu natafuta kiberiti. Mwigizaji mzuri havai sauti jukwaani tu. Kalondu aliniambia hivyo, na kwa hilo nilimtii kupita kiasi.

Kisha mama akafa. Nilifika Tabora akiwa ameshazikwa. Nyumbani kwetu baba alikuwa ametangulia zamani, kwa hiyo mkubwa alikuwa kaka yangu Hamisi. Siku ya kumaliza msiba aliniambia, "Dada, wewe ndiye mtu wa majukwaa. Simama uwashukuru watu." Nikasimama katika ua uliojaa majirani walioniona nikizaliwa, nikafungua mdomo, nikasema:

"Tunashukuru nyinyi wote wenye mmekuja kusaidia sisi. Mama alikuwa anapenda hii boma yake sana."

Mtoto wa shangazi ndiye aliyeanza. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Kisha mwingine. Nilijaribu kurekebisha, nikajikwaa zaidi. Hamisi alikuwa anaangalia chini akijing'ata mdomo, na sikujua kama anazuia kilio au nini, mpaka aliponiambia jioni, kwa upendo kabisa, "Umekuwa Mkenya, dada. Mama angecheka." Labda angecheka. Ninachojua ni kwamba watu walicheka katika msiba wa mama yangu, na mchekeshaji nilikuwa mimi, na safari hii sikuwa nimevaa nguo za mchezo.

Nilirudi Machakos nikafanya kazi kwa bidii zaidi. Ndivyo tunavyofanya watu wa kazi hii, wengine hunywa.

Kalondu alipostaafu na kurudi Wamunyu, walikuja watu wa televisheni kutoka Nairobi. Walikodi ukumbi wa hoteli moja hapa mjini kutafuta waigizaji wa tamthilia ya kila juma. Musembi alikuja mbio kunieleza: kulikuwa na mhusika mkuu, mama wa makamo, amehamia Kenya kutoka Tabora. Si Dar, si Tanga. Tabora! Nilidhani Mungu ameamua kuniomba radhi.

Nilikwenda na kanga ya mama. Niliyekutana naye alikuwa msichana mchangamfu mwenye vipokea sauti shingoni, anaitwa mwongozaji. Aliniamkia, "Sasa, mama?" akanipa karatasi nisome. Nikasoma. Alinisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama, uko poa sana," akasema. "Uko na uso ya kamera. Lakini inasikika ya hapa hapa. Sisi tunataka ile ya Tanzania. Ile tamu, ile ya kubembeleza."

"Mimi ni mzaliwa wa Tabora," nikamwambia.

"Ala! Basi poa, ongea tu venye mnaongeanga kwenu."

Nikavuta pumzi. Nikamfikiria mama stesheni. Nikasema mstari ule ule, neno kwa neno, kama ambavyo ningeusema nikiwa na miaka ishirini na mitano. Ngeli zilikuja zote, zimepangana. Lakini niliisikia sauti mwenyewe, na ilikuwa ya mtu anayetembea kwa viatu vya kuazima. Ilikuwa Mama Bongo.

Yule binti akatabasamu kwa huruma. "Unaona, mama, hapo sasa unaigiza."

Nafasi ile alipewa msichana wa Nairobi ambaye, nilivyoambiwa, alijifunza kwa kutazama michezo ya Tanzania kwenye simu. Niliitazama tamthilia yote. Aliigiza vizuri; ningekuwa nasema uongo kama ningesema vinginevyo. Kila alipotamka Tabora niliongeza sauti.

Nilipanda gari kwenda Wamunyu kumwambia Kalondu. Alikuwa ameanza kuwa mgonjwa, amekaa kwenye stuli aliyoichonga baba yake, mguu umefungwa. Nilimweleza yote. Nilitaka aniambie pole. Badala yake akasema, "Ungebaki mchekeshaji, Zainabu, saa hii ungekuwa na jumba kubwa." Nadhani alikuwa anatania. Sikumwuliza, na alikufa kabla sijarudi tena.

Sasa nifike kwa Furaha, ambaye wote mnamjua. Alikuja kwetu miaka mitatu kabla sijaacha. Alikuwa mwanamke mzima wa miaka thelathini, amezaliwa Uvira, ng'ambo ya ziwa kulikokuwa na vita, amefika Nairobi kwa njia ndefu ambayo hakuisimulia. Musembi alimsikia akiimba harusini, akamleta. Siku ya mazoezi ya kwanza alisoma mjane. Kitabu kilikuwa kingine lakini mjane ni yule yule. Katika vitabu vya mtihani kila mara kuna mtu ananyang'anywa shamba. Alisoma kwa Kiswahili cha kwao, na nywele za shingoni kwangu zikasimama.

Musembi alinivuta kando. "Zainabu, huyu anaweza. Lakini rekebisha yeye kidogo, mdomo, kabla shule zifunguliwe. Wewe unajua hiyo kazi."

"Sirekebishi," nikamwambia.

"Watacheka."

"Hawatacheka. Zamani walicheka kwa kuwa walikuwa hawajasikia. Watoto wa siku hizi wana dunia nzima kwenye simu. Mwache alie kama anavyolia."

Nilibishana naye siku mbili, na kwa kuwa nilikuwa nimezeeka kazini, nilishinda. Nilimwambia Furaha asibadilishe hata herufi. Nilimwambia sauti yake ndiyo mali yake. Nilisema mengi mazuri.

Tulifungulia muhula katika shule moja ya Ndithini. Furaha alipiga magoti, akamkumbatia mwanawe, akasema, "Mwana wangu, bakikamata hii shamba, tutamulilia baba yako wapi?"

Walicheka. Si kidogo. Walicheka kama walivyonicheka mimi, labda na zaidi, kwa sababu mwalimu mmoja alitoa simu akamrekodi, na kabla hatujafika Machakos, "tutamulilia wapi" ilikuwa inazunguka kwenye makundi ya wazazi na alama za kicheko. Musembi aliitazama video hiyo garini mara mbili, na nikaona uso wake unaanza kufikiri. Niliujua uso ule. Alikuwa anamtafutia Furaha sinia la chai.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Baada ya onyesho nilimkuta Furaha nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji, anaosha unga kichwani. Maji meupe yalikuwa yanamtiririka usoni, kwa hiyo sikujua kama analia.

"Mama, banacheka nini?" akaniuliza. "Nimekosea maneno?"

"Hujakosea hata moja."

"Basi unifundishe kusema kama bale."

Nikamketisha kwenye jiwe. Nikamweleza haya yote niliyowaeleza nyinyi. Nikamweleza habari za msiba wa mama. Nikamwambia, "Ukishaipoteza sauti yako hairudi. Siku utakayorudi kwenu, watu wako watakucheka, na kicheko kile ni kibaya kuliko hiki."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakamua maji kwenye nywele, akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mama, kwetu nani atanicheka? Hakuna mutu alibakia."

Wapishi walikuwa wanamwaga maji ya sufuria. Wanafunzi walikuwa wanarudisha meza kwa kelele. Nikakaa kando yake kwenye lile jiwe.

"Weka pua," nikamwambia. "Sema baba."

Alijifunza upesi kuliko mimi. Ana sikio, na hana wa kumvuta nyuma. Muhula uliofuata aliliza shule nzima ya wavulana, na simu zote zilibaki mifukoni.

Mwezi uliopita mliniaga katika ukumbi wa kanisa, mkanipikia pilau mliyoiita ya Tanzania. Nashukuru, ilikuwa na hoho, lakini nashukuru. Mwenyekiti wa kundi alisimama akasema nilikuja nchi hii nikiwa msichana, sijui lolote, na kwamba watu wa Machakos walinipokea na kunifundisha Kiswahili. Mkapiga makofi. Nami nikapiga makofi. Sijui kama mliutazama uso wangu wakati ule, lakini kama mliutazama na hamkuona kitu, basi kazi niliijua.

Kisha Furaha akasimama kuongea kwa niaba yenu vijana. Aliongea kwa muda mrefu, bila karatasi, na aliwachekesha pale alipotaka mcheke na si kwingine. Kando yangu aliketi mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mzee mpole ambaye tuliigiza shuleni kwake mara nyingi. Alikuwa anakula, akaacha, akaniinamia sikioni.

"Huyu msichana anaongea mzuri sana," akasema. "Ni wetu wa wapi? Mwala ama Kathiani?"

Nilimtazama Furaha. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwangu, anawaomba watu wasimame.

"Mwala," nikamwambia.

"Nilijua tu," akasema yule mzee, akasimama pamoja na wengine.